Kodi ya Ndani ya Mkebe

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimfukuzisha mama yangu nyumba kwa sababu sikujua kugawanya kwa mia na kumi na sita. Najua jambo hili linavyosikika. Wenzangu wa rika langu mlivunja vyombo, mkachoma mapazia, mkalamba sukari ya wageni hadi mkatapika. Mimi nilikosea hesabu ya kodi. Wala si ajabu, kwa kuwa miaka saba baadaye niliondoka sekondari na D ya hesabu, ile iliyonyooka, isiyo hata na kijumlisha pembeni cha kuishikilia isianguke.

Nimelikumbuka kwa sababu ya harufu. Wiki mbili baada ya kumzika mama nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kabati lake hapa Mutuini, natafuta kitambaa chake cha kwaya, nikakuta nyuma ya mablanketi mkebe wa bati, ule wa kilo mbili wa mafuta ya kupikia. Nikaufungua. Harufu ya mafuta yaliyochacha halafu yakachoka kuchacha ikanipanda puani. Ndani mlikuwa na karatasi nyeupe, ndefu na nyembamba, kama arobaini hivi, hazina hata herufi moja. Mtu mwingine angeziwashia jiko. Mimi nilikaa chini. Kukaa chini si jambo geni kwangu. Nashona mapazia ya watu humu humu nyumbani, na safari yangu ndefu ya hiari ni kwenda getini kuona nani amegonga. Lakini siku hiyo nilikaa kama mtu aliyesukumwa.

Sikujua kwamba aliuhifadhi.

Tuliishi mtaa wa Satellite, chumba kimoja katika ploti ya vyumba kumi na viwili, mlango wa tatu ukihesabu kutoka bombani. Baba alikuwa Kitui akitafuta kazi, au hivyo ndivyo tulivyokubaliana kusema. Mama alisuka nywele Kenyatta Market, akisimama kutwa nyuma ya vichwa vya watu, moshi wa nyama choma ukimwingia kwenye sweta. Jioni alinukia mbuzi ambaye hakumla. Alivua viatu mlangoni na kuweka miguu ndani ya karai la maji ya chumvi, na mimi nilitazama vidole vyake vikirudi polepole kuwa vidole.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa lote limelala hapa. Ploti nzima ilisema "rent". Rent imefika, rent imepanda, umelipa rent? Mama peke yake alisema kodi. Alikuwa msomaji wa matangazo kanisani, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi hadi kwenye mikunjo. "Kodi haijatimia," alisema akihesabu noti kitandani. "Kodi kwanza, kula baadaye." Nililijua neno hilo kabla sijalijua jina la pili la baba yangu. Kwangu lilikuwa na maana moja tu: ile pesa inayozuia watu kulala nje.

Ndipo mwalimu wetu wa Kiswahili, mwanamke mrefu aliyeshika chaki kama sigara, akatuambia asubuhi moja, "Msidhani kodi hulipwa na watu wazima peke yao. Hata wewe uliye na kamasi, ukienda supamaketi ukanunua sabuni, umelipa kodi. Shilingi kumi na sita kwa kila mia. Imo mle mle kwenye risiti."

Nilihisi nywele zikisimama. Nikainua mkono. "Mwalimu, hata ukinunua unga?"

"Unga hautozwi. Maziwa hayatozwi, mkate hautozwi. Kuna vitu serikali imeona aibu kuvitoza."

"Na sabuni?"

"Nimeshasema sabuni. Sukari, mafuta, soda, biskuti, vyote vina kodi. Ndunge, unataka kufungua duka?"

Darasa likacheka. Sikujali. Nilikuwa nimegundua jambo ambalo mama, pamoja na Kiswahili chake chote, hakulijua: tulikuwa tunalipa kodi mara mbili. Mara moja kwa mwenye ploti, mara nyingine kidogo kidogo supamaketi, na hakuna mtu aliyekuwa amekusanya ushahidi. Niliamua kuukusanya mimi. Na sikutaka kumwambia mama hadi iwe kubwa, kama watu wanavyoficha keki.

Kuanzia siku hiyo nikawa mnunuzi wa ajabu. Kwanza nilikiacha kibanda cha Mama Ciku kilichokuwa pale getini, kwa kuwa Mama Ciku hakuwa na mashine ya risiti; alikuwa na kichwa chake tu. Nilimpita nikiwa na mfuko mkononi nikielekea supamaketi iliyokuwa karibu na stendi.

"We Ndunge!" aliniita siku ya tatu. "Sukari yangu imeingia sumu?"

"Hapana, Mama Ciku."

"Basi mbona unanipita kama nguzo ya stima?"

"Yako haina kodi."

Akaniangalia, akamwangalia mteja wake, kisha akacheka hadi akashika mlingoti wa kibanda. "Haina kodi! Sikia Kamishna!" Kutoka siku hiyo ploti yote ikaniita Kamishna. Nilitembea nikiwa nimeinua kidevu. Nilidhani ni cheo.

Pili, nilianza kuchagua. Mama akinituma pakiti mbili za unga, nilileta moja ya unga, na ile pesa nyingine nikaigeuza mche wa sabuni. Akinituma maziwa mawili, lilikuja moja pamoja na majani ya chai. Mle supamaketi nilisimama mbele ya rafu nikiuonea huruma ule unga, jinsi ulivyokaa pale mwingi na mweupe, usiosaidia mtu kulipa nyumba. Nikilala nilijua kwamba chini ya kitanda, ndani ya mkebe mtupu wa mafuta, nyumba yetu ilikuwa inalipika.

"Ndunge," mama alisema jioni moja akichungulia sufuria, "mbona tuna sabuni ya kufulia hospitali nzima na ugali wa mtu mmoja?"

"Ilikuwa imeshuka bei."

Nilidhani atanipiga. Lakini alikata ule ugali vipande viwili, akasukuma kikubwa upande wangu, akasema alikula sokoni. Nilimwamini. Tulikuwa watu safi kuliko wote Satellite.

Hesabu nilifanya kwa penseli nyuma ya daftari la Sayansi. Risiti yangu ya kwanza kubwa, ya sukari, mafuta na sabuni, ilikuwa ya shilingi mia mbili na tisini. Kumi na sita kwa kila mia: nikapata arobaini na sita na senti arobaini. Lakini risiti yenyewe, pale chini kwenye mstari wa kodi, iliandika arobaini tu. Nilirudia mara nne. Nne zote zikanipa arobaini na sita na senti arobaini. Basi nikaelewa, kwa uchungu wa mtoto anayeanza kuijua dunia, kwamba mashine ilikuwa inatuibia shilingi sita na senti arobaini kila tukinunua. Nikaamua kuamini penseli yangu.

Hadi mwisho wa muhula, vitu vyenye kodi vilivyokuwa mkebeni vilifika shilingi elfu mbili na mia tisa. Kwa penseli, kodi yake mia nne sitini na nne. Niliizungushia duara mara tatu hadi karatasi ikatoboka.

Siku hizo hizo mama alianza kufunga vikombe kwa magazeti na kuvipanga ndani ya katoni. Nikamuuliza kwa nini. Akasema anasafisha kabati. Nikamsaidia. Nilifunga kile cha bluu chenye ua kwa kurasa mbili ili kisivunjike, nikajisifu jinsi nilivyokifunga.

Jumamosi moja asubuhi, akiwa ameshika mfuko wake wa vitana tayari kwenda sokoni, mama alinipa bahasha. "Mpelekee Bwana Njuguna," alisema. Bwana Njuguna ndiye aliyekuwa msimamizi wa ploti. Aliwahi kuwa karani wa duka la mbao na misumari, na kalamu ilikuwa bado imemwotea nyuma ya sikio. "Akiniulizia, mwambie nimekwenda Machakos kumwona shangazi."

"Lakini unaenda Kenyatta."

"Ndunge. Machakos."

Hakuwa amewahi kunipa kodi niishike. Nilidhani ni kwa sababu nimekua. Nilimsindikiza hadi kona, na nilipokuwa nyuma yake nikaona kiatu cha kushoto kimefunguka mdomo, kinameza vumbi na kulitema kila hatua. Pale pale mambo yote yakajipanga kichwani mwangu. Bahasha ilikuwa na elfu tatu na mia tano, kodi kamili ya mwezi. Mkebe ulikuwa na mia nne sitini na nne ambazo tayari tumelipa. Kwa nini tulipe tena?

Nilichomoa noti ya mia tano, nikaenda supamaketi, nikamnunulia mama raba za bluu, laini, za mpira mzito chini, shilingi mia nne thelathini na tano. Nikapewa risiti, ambayo nayo ilikuwa na kodi, nikaitia mkebeni iwe ya kuanzia mwezi ujao, nikiona jinsi Mungu anavyowabariki wanaojituma. Chenji, shilingi sitini na tano, niliirudisha yote kwenye bahasha. Mimi si mwizi.

Bwana Njuguna alikuwa ameketi kwenye stuli nje ya chumba chake akinyoa ndevu kwa kioo kidogo. Alihesabu bahasha. Akahesabu tena.

"Elfu tatu na sitini na tano. Hii ni nini?"

"Iliyobaki iko hapa," nikasema, nikampa mkebe.

Alifungua kifuniko, akanusa, akachomoa risiti moja. Akaigeuza. Mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye bati yalikuwa yameanza kula maandishi; nyingine zilisomeka nusu, nyingine zilikuwa nyeupe kabisa.

"Hazina kitu, msichana."

"Zilikuwa na kitu. Nimeandika zote kwenye daftari." Nikamwonyesha ukurasa wenye duara. Nikamweleza yote: mwalimu, sabuni, kumi na sita kwa mia, mashine inayoiba. Nikamalizia kwamba kwa hesabu zangu mkebe una mia nne sitini na nne na tulichopunguza ni mia nne thelathini na tano, kwa hivyo ni mwenye ploti sasa anayedaiwa na sisi shilingi ishirini na tisa, lakini asijali, atatupa mwezi ujao.

Bwana Njuguna hakucheka. Hilo ndilo ninalomkumbukia hadi leo. Povu likiwa shavu moja, alichukua kalamu kutoka sikioni.

"Kaa hapa. Kwanza umekosea hesabu. Hii mia mbili na tisini ni bei ya rafuni, si ndio? Bei ya rafuni kodi imeshaingia. Ni chai ya maziwa hiyo. Maziwa ya kumi na sita hupimiwa maji, wewe umeyapimia chai iliyokwisha kuchanganywa. Maji mia, maziwa kumi na sita, chai yote ni ngapi?"

"Mia na kumi na sita."

"Haya. Gawa kwa mia na kumi na sita, zidisha kwa kumi na sita. Unapata?"

Nilifanya kwa penseli yake. Arobaini. Arobaini kamili, kama mashine ilivyosema. Masikio yangu yakawaka moto.

"Kwa hivyo mkebe wote ni mia nne tu," nikasema. "Sisi ndio tunadaiwa thelathini na tano."

"Pili," akasema taratibu, "hii kodi ni ya serikali. Ya nyumba ni rent. Ni neno moja, mifuko miwili. Huo mfuko mwingine mimi siujui." Akafunika mkebe, akanirudishia. Kisha akauliza, akitazama kioo, "Mama yuko wapi?"

"Machakos. Kwa shangazi."

"Huyo shangazi huugua kila mwisho wa mwezi?"

Nikamwambia sijui, lakini tunamwombea.

Jioni mama alizikuta raba juu ya kitanda. Nilimweleza kila kitu, sasa nikilia. Alikaa, akaivaa moja, akaitazama, akaivua. Hakunipiga. Nilisubiri kipigo kama mtu anayesubiri mvua aanue nguo, na hakikuja. Alisema tu, "Kumbe ni mia nne." Sikujua alikuwa anamaanisha nini.

Kesho yake tulitoka kanisani mchana, yeye akiwa bado na kitambaa cha kwaya shingoni, tukakuta kufuli kubwa jipya juu ya kufuli letu. Ploti yote ilikuwa nje ikifua, kama kawaida ya Jumapili. Mama alisimama katikati ya uwanja, akapaza ile sauti ya matangazo, safi, kila herufi mahali pake.

"Ni mtoto! Mtoto amechezea pesa ya kodi! Nimempa kodi kamili, ameichezea!"

Watu wakaacha kufua. Mama Ciku akatoka kibandani na kijiko mkononi. Bwana Njuguna akaja akiwa na funguo.

"Mama Ndunge," akasema chini chini, "hata kama huyu mtoto angeleta yote—"

"Bwana Njuguna, tafadhali," mama akamkata. "Tafadhali."

Akanitazama, akatazama chini, akafungua kufuli ili tutoe vitu. Nilishangaa jinsi tulivyotoka upesi. Vikombe vilikuwa tayari kwenye katoni.

Mama Ciku ndiye aliyetusitiri. Watu wao ni wa Mutuini tangu zamani, na kaka yake alikuwa amejenga vyumba vya mabati pembeni mwa shamba la viazi. Tukahamia huko kwa mkokoteni. Jumatatu mama alirudi supamaketi na raba zile. Wakamwonyesha maandishi yaliyokuwa mwisho wa risiti, kwamba bidhaa zikishauzwa hazirudishwi. Basi akazivaa. Kutoka Mutuini hadi Kenyatta Market ni mbali, na siku ambazo nauli haikuwepo alitembea sehemu, raba za bluu zikigeuka rangi ya udongo. Baada ya mwaka wateja walikuwa wamezoea mikono mingine. Akaanza kusuka nyumbani, watoto wa majirani, kichwa kwa bei ya soda. Shule niliyopelekwa ilikuwa na wanafunzi watatu kwa kitabu. Mwalimu wangu mrefu sikumwona tena.

Hatukulizungumza kamwe. Watu wakiuliza kwa nini tuliondoka Satellite, mama alitikisa kichwa kuelekea kwangu na kusema, "Utoto," nao wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikua nikicheka hivyo. Sikutaka tena kushika pesa ya mtu. Nilikataa kazi ya keshia. Nilikataa uweka hazina wa kikundi mara mbili. Nikijiuliza kwa nini nimekuwa mtu wa kukaa ndani na cherehani, jibu lilikuwa rahisi: mara ya mwisho nilipotumwa nje, nyumba ilipotea njiani.

Siku hizi hesabu ile naijua. Bidhaa yoyote nikiishika, kichwa kinagawa kwa mia na kumi na sita kabla sijafika kaunta. Siku ile ya mkebe nilichukua hata penseli: raba za mia nne thelathini na tano, kodi yake sitini. Sitini kamili, safi kama matangazo ya mama. Kama ningelijua siku hiyo, nilijiambia, kama ningegawa sawasawa.

Mama Ciku alikuwa amekuja kunisaidia kukunja nguo za marehemu. Ni mzee sasa, alirudi kwao Mutuini akawa jirani yangu tena, amebadilisha kibanda kwa kiti cha plastiki pale mlangoni mwake. Alinikuta sakafuni na zile karatasi nyeupe mapajani.

"Bado unazo, Kamishna?"

"Ni yeye aliyezitunza." Sauti ilinitoka vibaya. "Mama Ciku, mia nne thelathini na tano tu. Hiyo ndiyo ilitutoa Satellite. Hiyo ndiyo ilimvunja miguu."

Aliweka gauni alilokuwa akilikunja. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile nilipomwambia sukari yake haina kodi, ila safari hii hakucheka.

"Ndunge, wacha kujisumbua," akasema. "Mamako alikuwa na deni ya miezi tatu, na Njuguna alikuwa ameshanunua kufuli. Wewe ulikuwa tu kitu ya kuambia watu."